Ngozi, Raba na Asbestosi: Safari ya Breki Zinazobadilishwa Nyumbani

Barabara itokayo Rutshuru kwenda Goma hupita Kibumba, chini ya mlima Nyiragongo, kisha hushuka mteremko mrefu hadi mjini. Wanaoujua mteremko huo kwa undani ni waendesha chukudu. Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedeli wala mnyororo, kilichoenea Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1970. Hubeba viazi, kabichi, makaa na mbao kutoka mashamba ya juu, na kikishapakiwa huwa na uzito ambao mtu hawezi kuuzuia kwa kuburuza miguu. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga, raba hubana gurudumu, mwendo hupungua. Raba ikilika, hukata nyingine na kuifunga mwenyewe. Mwaka 2009 Goma ilisimamishiwa sanamu kubwa ya chukudu kwenye mzunguko wa barabara. Chombo hicho kinastahili heshima hiyo, na breki yake inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu wahandisi wa Ulaya walianza na wazo lilelile.

Pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwa umma ilitoka Munich, Ujerumani, mwaka 1894, kwa jina la Hildebrand & Wolfmüller. Injini yake ilikaribia cc 1,500, mwendo wake ulifika kama kilomita 45 kwa saa, na haikuwa na klachi. Breki ya mbele ilikuwa bamba la chuma lenye umbo la kijiko, linaloshushwa hadi libane tairi. Tairi zenyewe zilikuwa za upepo, kitu kipya na cha bei kubwa siku hizo, kwa hiyo kila aliyeshika breki aliilipia kwa raba ya tairi lake. Chukudu ina busara zaidi hapo: kinacholiwa kwanza ni kipande cha bure.

Chombo kinachokimbia kimebeba nguvu, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Pikipiki yenye dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 300, ikisimama kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa hutoa joto la kutosha kuchemsha maji ya nusu kikombe kikubwa, tena ndani ya sekunde chache. Joto hilo lote hutokea pale ambapo kitu kimoja kinasugua kingine. Mojawapo ya viwili hivyo sharti kiliwe. Kwa zaidi ya miaka 130 waunda vyombo wamekuwa wakitafuta kitu gani kiliwe badala ya tairi, rimu au chuma cha gurudumu. Nani atakibadilisha kikiisha, hilo halikuwasumbua sana, kwani karibu nyakati zote kazi hiyo imeangukia mikononi mwa mwenye chombo, au mwa fundi wa karibu mwenye kifaa kinachopatikana.

Mfano wa zamani unaojulikana zaidi ni wa mwanamke. Agosti 1888 Bertha Benz alilitoa gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Carl Benz, bila kumwambia, akawapakia wanawe Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenye barabara zilizokuwa za farasi na mikokoteni. Breki za gari hilo zilikuwa vipande vya mbao. Miteremko ilizila. Walipofika kijiji cha Bauschlott, Bertha alimwendea fundi viatu na kumwomba apigilie ngozi juu ya mbao hizo. Ndiyo lainingi ya kwanza ya breki za gari inayojulikana katika historia, na ilibuniwa njiani na mtumiaji, ikafungwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushona viatu.

Miaka tisa baadaye hadithi hiyo ilijirudia katika vilima vya Derbyshire, Uingereza. Wachukuzi wa mikokoteni ya farasi walikuwa na desturi ya kupigilia mabuti makuukuu kwenye breki zao za mbao ili zikamate vizuri zaidi kwenye miteremko. Herbert Frood aliwatazama, akaelewa walichokuwa wanakifanya, na mwaka 1897 akaanza kutengeneza lainingi za kuuza. Kiwanda chake kilikulia katika mji mdogo wa Chapel-en-le-Frith, na bidhaa zikaitwa Ferodo, herufi za jina lake pamoja na E ya mkewe Elizabeth. Jina hilo bado limechapwa kwenye maboksi ya pedi madukani hadi leo. Wachukuzi wa Derbyshire hawakuachiwa jina popote, ingawa utafiti wa kwanza ulikuwa wao.

Lainingi za mwanzo za Frood zilitegemea nyuzi za pamba, na pamba ikipata joto kali huungua. Magari yalikuwa yanazidi uzito na mwendo kila mwaka. Mwaka 1908 Frood akageukia nyuzi za madini ambazo haziungui kabisa, zinazofumika mithili ya pamba, na wakati huo zilikuwa rahisi: asbestosi. Kwa miaka mingi iliyofuata, karibu kila breki ya gari duniani ilikuwa na asbestosi ndani yake.

Pikipiki hazikufaidi maendeleo hayo mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 pikipiki nyingi za Kiingereza zilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkanda, na breki ya nyuma ilikuwa kipande kilichobana rimu ya mkanda huo, wakati ya mbele ilibana rimu ya gurudumu kama ilivyo kwenye baiskeli. Kila kitu kilikuwa nje, wazi kwa vumbi, maji na matope. Mwaka 1916 kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini kililetwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kupigana chini ya Jenerali Jan Smuts. Masika ya mwaka huo yalilikwamisha jeshi zima, na yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli yenye breki za rimu kwenye udongo wa mfinyanzi anaweza kuelewa askari hao walikuwa na silaha gani ya kusimama nayo. Hawakuwa nayo.

Suluhisho lilikuwa kuificha breki. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alikuwa amebuni breki ya ngoma kwa ajili ya gari: vipande viwili vya upinde vyenye lainingi vinakaa ndani ya ngoma ya chuma, na dereva akikanyaga vinatanuka na kusugua ukuta wa ngoma kwa ndani. Mvua haifiki kirahisi, tope haliingii. Kufikia miaka ya 1920 breki za namna hiyo zilikuwa zinaenea kwenye pikipiki, kwanza nyuma, kisha mbele. Marekani walisitasita sana kuhusu ya mbele. Harley-Davidson waliiweka mwaka 1928 tu, kwani waendeshaji wengi waliamini kwamba breki ya mbele humrusha mtu juu ya usukani.

Imani hiyo haijafa. Ukikaa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, Mwanza au Kisumu, utawasikia wazoefu wakimwonya kijana anayejifunza asiiguse breki ya mbele. Onyo hilo lina chembe ya ukweli kwenye changarawe na matope, ambako gurudumu la mbele likijifunga huteleza na kumwangusha mtu. Lakini kwenye lami kavu linapotosha vibaya. Pikipiki inaposhikwa breki uzito husogea mbele; gurudumu la mbele hulala barabarani kwa nguvu zaidi na la nyuma huwa jepesi. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake anatumia sehemu ndogo ya uwezo alionao, na anaimaliza lainingi ya nyuma huku ya mbele ikikaa karibu mpya.

Afrika Mashariki ilijifunza kubadilisha breki kwenye baiskeli kabla ya kujifunza kwenye pikipiki. Baiskeli nyeusi zilizotawala barabara za karne iliyopita, Raleigh za Uingereza, kisha Phoenix za China na Hero na Avon za India, zilikuwa na fimbo za chuma badala ya waya. Mkono wa breki ulivuta fimbo, na fimbo ikavuta vipande viwili vya raba hadi vibane rimu kutoka ndani. Raba hizo ziliisha upesi. Za dukani zilikuwepo, ila raba ileile ya tairi inayokatwa makatambuga ilifanya kazi hiyo bila gharama. Na pale ambapo fimbo zilikwisha kupinda na kutupwa, wengi waliteremka vilima kwa kubana tairi kwa soli ya ndala, yaani walirudi kwenye kijiko cha Munich bila kujua.

Baiskeli hizo ndizo zilizozaa bodaboda. Katika miaka ya 1960, Busia, waendesha baiskeli walianza kuwavusha watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Biashara ilienea magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, na katika miaka ya 1990 Kampala ilianza kuhama kutoka baiskeli kwenda pikipiki. Uzito ukaongezeka, mwendo ukaongezeka zaidi, na raba ya ndala haikutosha tena.

Pikipiki za kabla ya hapo zilikuwa za mabwana shamba, wauguzi, walimu wakuu na mapadri: Honda XL, Yamaha DT na AG100, zilizonunuliwa na idara za serikali na miradi ya misaada. Nyingi zilikuwa na breki za ngoma, na karakana ya idara ndiyo iliyozihudumia. Pikipiki iliyobadilisha hali hiyo ilitoka Japani kwa njia ndefu. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, iliyoundwa baada ya wahandisi wake kuona jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea, ambako hubebeshwa kupita kiasi na hazipelekwi gereji kwa wakati. Waliipa injini rahisi isiyohitaji uangalizi mwingi, na breki za ngoma zinazovutwa kwa waya na fimbo. Viwanda vya China viliinakili kwa wingi, na ukoo huo ndio uliofika kwetu kwa majina mengi, SanLG, T-Better, Fekon na mengineyo, ukafuatwa kwa karibu na Boxer za Bajaj na pikipiki za TVS kutoka India.

Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na bodaboda ikawa kazi inayotambuliwa. Ndani ya miaka michache mamia ya maelfu ya vijana walikuwa juu ya vyombo vyenye ngoma za milimita 110 hadi 130, ambazo zinaweza kufunguliwa na mtu mmoja mwenye spana tatu.

Na walizifungua wenyewe, kwa sababu iliyo wazi. Kijana wa bodaboda mara nyingi haendeshi chombo chake. Anaendesha cha bosi, kwa hesabu ya kila siku au kwa mkataba wa kukinunua kidogo kidogo, na marekebisho madogo kama mafuta, balbu na breki humwangukia yeye. Pikipiki ikilala gereji nusu siku, hesabu bado inadaiwa. Hivyo breki hubadilishwa alfajiri uani, au usiku kwa mwanga wa simu, na mdogo wake akiwa kando anashika bisibisi na kujifunza. Ufundi huo umeenea namna hiyo, bila chuo wala cheti, na ni mojawapo ya elimu zilizosambaa kwa kasi kubwa zaidi katika miji na vijiji vyetu katika karne hii.

Kazi yenyewe ina utaratibu ambao haujabadilika sana tangu miaka ya 1920. Pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati. Nati ya mwisho wa fimbo ya breki hufunguliwa, fimbo ikaachia mkono wake. Kisha nati ya ekseli, ekseli ikachomolewa, gurudumu likatoka. Sahani inayofunika ngoma hung'oka na breki shuu zake mbili zikiwa zimeshikana kwa springi mbili ngumu. Mtu asiyejua huanza kuzivuta springi kwa pulaizi na kujikata vidole. Anayejua huzishika shuu zote mbili na kuzikunja kwenda juu kama kitabu kinachofungwa, na zinatoka zenyewe pamoja na springi. Zile mpya huingia kwa njia hiyohiyo ya kukunjua.

Kabla ya kuzirudisha kuna mambo ambayo fundi mzuri hayaruki. Chuma kinachozunguka katikati na kuzitanua shuu husafishwa na kupakwa grisi kidogo sana, kwani grisi ikizidi itayeyuka kwa joto na kufika kwenye lainingi, na lainingi iliyoloa grisi haishiki tena hata ikiwa mpya. Ndani ya ngoma hupapaswa: ikiwa imechimbika mfereji, shuu mpya zitagusa kingo tu. Gurudumu likisharudi, nati ya fimbo hukazwa hadi pedeli ibakiwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu, na gurudumu huzungushwa kwa mkono kusikiliza kama linakwaruza. Waendeshaji wengi huijua nati hiyo kuliko sehemu yoyote nyingine ya pikipiki, maana huikaza kila lainingi inapopungua. Pikipiki nyingi zina kishale kidogo kando ya mkono wa breki: breki ikikanyagwa na kishale kikavuka alama, lainingi imekwisha, na hapo kukaza zaidi ni kujidanganya. Watu hukaza hata hivyo. Wengine huugeuza mkono kwenye meno yake ili wapate nafasi ya kukaza tena, na siku moja chuma cha shuu kinaanza kula ngoma.

Ngoma ina udhaifu mmoja usiotibika kwa spana. Imefungwa, kwa hiyo joto halitoki upesi. Anayeshuka kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita zipatazo 30 za kona na mteremko, na kuikanyagia breki njia nzima, huhisi pedeli ikizama na breki ikilegea kabla hajafika bondeni. Ngoma imetanuka kwa joto na lainingi imepoteza mshiko. Wazoefu wa njia hiyo huingiza gia ndogo na kuiachia injini ishike mwendo, breki wakiihifadhi kwa ajili ya kona. Ni maarifa ya madereva wa malori wa miteremko ya Kitonga na Sekenke yaliyohamia kwenye magurudumu mawili.

Na kuna vumbi. Ukiifungua ngoma, unga mweusi mwembamba humwagika. Ni lainingi iliyosagwa. Kwa miongo mingi unga huo ulikuwa na asbestosi. Madhara ya madini hayo yalijulikana mapema. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbestosi cha Turner Brothers huko Rochdale, Uingereza, na mwaka huohuo daktari William Cooke akaeleza katika jarida la kitabibu jinsi mapafu yake yalivyojaa chembe za madini hayo. Kampuni ikakataa kuwajibika. Mwaka 1926, miaka miwili tu baadaye, Ferodo ikaingia chini ya kundi la Turner & Newall, lililotokana na kampuni hiyohiyo. Kundi hilo lilikuwa na machimbo yake barani Afrika, yakiwemo ya Havelock huko Uswazi, yaliyoanza uzalishaji mwaka 1939. Wachimbaji Waafrika walivuta vumbi hilo mgodini, wafanyakazi wa Kiingereza wakalivuta kiwandani, na mwisho wa safari likawafikia mafundi waliochutama mbele ya gurudumu lililofunguliwa, pamoja na wale wa Afrika Mashariki.

Mafundi wetu walilipata kwa njia ya pekee, kwa sababu zamani shuu hazikutupwa. Lainingi ilikuwa imefungwa kwa ribiti za shaba au alumini. Fundi alizitoboa, akaondoa lainingi iliyokwisha, akakata mpya kwa msumeno, akaipiga msasa ifuate upinde na kuipigilia upya. Kwenye malori na mabasi kazi hiyo ipo hadi sasa. Ilifanyika juani, chini ya miti na kando ya mitaro, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi kuwajengea mabanda, ilionekana kuwa tatizo lao kubwa ni jua. Kwa waliokuwa wanapiga msasa lainingi, jua lilikuwa na nafuu kuliko kile walichokuwa wanavuta puani.

Mbadala ulipatikana kutoka maabara za kemia. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa DuPont nchini Marekani, aligundua nyuzi za Kevlar, ambazo ni imara kuliko chuma kwa uzito uleule na huvumilia joto. Nyuzi za aina hiyo, pamoja na za chuma na kioo, ndizo zilizochukua nafasi ya asbestosi katika lainingi nyingi. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Mgodi wa Havelock ulifungwa mwaka 2001, na mwaka huohuo kampuni iliyokuwa imeinunua Turner & Newall, Federal-Mogul ya Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya madai ya waathirika.

Lakini breki shuu ya bei ya chini kabisa, iliyo kwenye mfuko wa nailoni usio na anwani ya kiwanda, haiwezi kuthibitishwa kwa macho kwamba haina asbestosi. Kwa hiyo tabia moja ya vijiweni inapaswa kukoma leo: kupuliza ngoma kwa mdomo, au kwa upepo wa kompresa ya tairi, huku watoto na abiria wamesimama karibu. Kitambaa kilicholoweshwa maji kinatosha. Vumbi lililolowa haliruki, nacho kitambaa kikishatumika hufungwa na kutupwa badala ya kufuliwa na kurudi nyumbani.

Diski ina historia fupi zaidi kwenye pikipiki. Frederick Lanchester wa Birmingham aliipatia hataza mwaka 1902 kwa ajili ya magari, lakini pedi zake za shaba zilipiga kelele isiyovumilika. Haikupata umaarufu hadi mwaka 1953, gari la Jaguar lilipoitumia na kushinda mbio za Le Mans. Kwenye vyombo vya magurudumu mawili, skuta ya Lambretta TV175 iliiweka mbele mwaka 1962. Kisha mwaka 1969 Honda ikaanza kuuza CB750 yenye diski ya mbele inayosukumwa kwa mafuta, na tangu hapo hakuna kiwanda kikubwa kilichoweza kuipuuza.

Kwa anayefanyia kazi nyumbani, diski ilirahisisha na kutatiza kwa pamoja. Gurudumu halitolewi tena. Bolti mbili zinaachia kalipa, pini inachomolewa, pedi zinatoka, na mwenye macho huona bila kufungua chochote kama lainingi imebaki au mfereji wake umefutika. Shida imo kwenye mafuta. Pistoni zinaposukumwa ndani kuzipa nafasi pedi nene, mafuta hurudi juu kwenye masta silinda na yanaweza kufurika na kula rangi ya tangi. Yakiwa ya zamani yamekwisha kunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo huchemka kwenye mteremko, mkono wa breki ukabaki mlegevu. Kosa linaloumiza watu zaidi ni dogo kuliko yote: pedi zimefungwa sawasawa, pikipiki imewashwa, na hakuna aliyeupampu mkono wa breki mpaka ukawa mgumu. Pistoni bado ziko ndani. Dereva anashika breki kwa mara ya kwanza mbele ya makutano, na mkono unagusa usukani bila kitu kutokea. Kupampu mara kadhaa kabla ya kuwasha injini huchukua sekunde kumi.

Mabadiliko mengine tayari yapo njiani. India, zinakotoka Boxer na TVS, imeamuru kwamba tangu 1 Aprili 2019 kila pikipiki mpya inayouzwa nchini humo ya zaidi ya cc 125 iwe na mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, na zile ndogo angalau ziwe na breki za mbele na nyuma zinazoshika kwa pamoja. Hatua hiyo ya pili ni dawa ya moja kwa moja kwa hofu ya breki ya mbele, maana humfanya anayekanyaga ya nyuma atumie zote mbili. Kigali, pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019, zikipanda na kushuka vilima vilevile na mizigo ileile. Hazina mafuta ya injini ya kubadilisha wala plagi ya kusafisha, lakini breki zake bado huliwa. Na kwenye mfumo wa kisasa wa India, kutoa hewa kwenye mirija kunaweza kuhitaji kifaa cha kompyuta, ila pedi zenyewe bado hukaa kwenye kalipa ileile, kwa pini na bolti zilezile ambazo spana za uani huzifungua.